Kitufe cha Hifadhi kimezama chini ya skrini, na fundi ananiambia ninunue skrini nyingine

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe nikipaza sauti. Mimi ni mhasibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo. Miezi kadhaa iliyopita tuliachana na madaftari, tukamlipa fundi atutengenezee mfumo wa kuingiza michango na marejesho ya wanachama. Ameujenga kwa Microsoft Access, programu ya kutunza kumbukumbu na kuchora fomu za kuziingizia. Kwenye hesabu sina neno: riba inajikokotoa, na taarifa ya mwisho wa mwezi iliyokuwa inanila siku mbili sasa inatoka kabla chai haijapoa. Siku ya kwanza nilimwombea dua yule kijana.

Siku ya pili nikafungua fomu ya marejesho kwenye kompyuta ya ofisini.

Juu niliona jina la mwanachama, namba, tarehe na kiasi. Chini ikakatika katikati ya sanduku la maelezo. Vitufe vyote, Hifadhi, Futa, Chapisha Risiti, vilikuwa huko chini ambako jicho halifiki. Nikatafuta upau wa kusogezea pembeni, ameuondoa. Nikashika ukingo wa dirisha nilipunguze, hauvutiki, ameukaza makusudi. Skrini yetu ni ya pikseli 1366 kwa 768, ukubwa ulioenea mno kwenye kompyuta mpakato za bei nafuu. Hatukumletea kitu cha ajabu. Na alikuja ofisini akaiona kwa macho yake, akanywea soda mbele yake.

Nikampigia simu. "Mama, mbona kwangu inafunguka vizuri tu." Akanitumia picha kwa WhatsApp: skrini pana ya mezani, fomu imetulia katikati, nafasi imebaki pande zote. Nikamwambia, mwanangu, sisi hatufanyi kazi mezani kwako. Ndipo akanijibu neno ambalo hadi leo limenikaa kooni: "Basi tatizo ni skrini yenu ndogo, Mama. Nunueni nyingine." Akakata. Sikuwa nimemaliza kuongea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikaribia kumwamini, nikaanza hata kuandika ombi la fedha kwa kamati. Bahati mwenyekiti ana kompyuta mpakato mpya, 1920 kwa 1080, sawasawa na ya fundi. Tukaifungua fomu humo. Imekatika vilevile, tena zaidi! Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyenifumbua macho. Windows huyakuza maandishi kwenye skrini ndogo yenye pikseli nyingi. Ya mwenyekiti ilikuwa imewekwa asilimia 150, kwa hiyo nafasi inayobaki kufanyia kazi ni kama 1280 kwa 720, chini ya hata yangu. Na Access haipimi fomu kwa pikseli. Inapima kwa twipu, 1440 katika inchi moja, hivyo maandishi yakikuzwa na fomu inakua nayo. Tukashusha hadi asilimia 100. Vitufe vikajitokeza, lakini herufi zikawa kama punje za ulezi, mwenyekiti akavua miwani akaisukuma kompyuta pembeni. Sasa hiyo skrini kubwa ninunue ya nini?

Tukabaki na kuhesabu. Binti wa mapokezi aligundua kwamba ukianzia sanduku la kwanza ukabonyeza Tab mara 19, unafika kwenye Hifadhi, unapiga Enter bila kukiona. Mara 19, kwa kila mwanachama, siku nzima. Na ya 20 ni Futa.

Siku moja baada ya mishahara, foleni imefika mlangoni, nilikuwa narekebisha tarehe kwenye rejesho la mama mmoja. Mzee akaniuliza salio lake, nikamjibu, nikarudi kwenye hesabu, Tab ikazidi moja. Rejesho likafutika. Mfumo haukuuliza kama nina uhakika, maana hilo swali nalo fundi alilizima. Sikujua lolote hadi yule mama aliporudi akaambiwa na binti kwamba anadaiwa. Hakugomba. Alifungua pindo la khanga, akatoa risiti yenye saini yangu, akaiweka mezani akaniangalia. Miaka yote ya madaftari sijawahi kuangaliwa hivyo na mwanachama.

Mnaweza kusema kosa ni langu, mkono ni wangu. Nimelikubali kosa, nimemwomba radhi yule mama mbele ya wenzake. Lakini nani anamweka mtu alinde fedha za watu kwa kupapasa gizani?

Jioni ile mpwa wangu akafungua faili tupu la Access akaniambia, shangazi, tazama. Akaweka vitufe kwenye kijachini cha fomu, yaani ukanda wake wa chini kabisa. Vilivyo kwenye kijachini hukaa chini ya dirisha muda wote, hata sehemu ya kati ikisogea. Akarudisha upau wa kusogezea, akaufanya ukingo uvutike. Kisha akanionyesha kitu kinachoitwa Anchoring, kutia nanga, ambacho Access imekuwa nacho tangu toleo la 2007: unaliambia sanduku lijinyooshe dirisha linapopanuka, au kitufe kibaki kimeng'ang'ania kona yake. Herufi zenyewe hazikui, ndiyo maana fomu unaichora kwa skrini ndogo kuliko zote kisha unaiacha itanuke. Nusu saa haikuisha. Nililia, sioni haya kusema. Kumbe ilikuwa kazi ya nusu saa.

Nikamwambia basi itengeneze na ya kwetu. Akajaribu, akanyamaza. Fundi alitupa faili la aina ya accde, ambalo fomu zake zimefungwa. Unazitumia, lakini huwezi kuzifungua kuzichora upya. Faili la asili analo yeye.

Nilikuwa nimepanga kuupa mfumo huu nyota tatu kwa ajili ya hesabu, na kwa kweli zinastahili, hakuna siku riba imekosea hata shilingi. Halafu nikampigia fundi kuomba faili la asili, nikamsalimia vizuri, nikamweleza habari ya kijachini. Akasema, "Mama, hiyo ni kazi mpya," akataja nusu ya pesa tuliyomlipa mwanzo.

Nyota moja. Kamati inakaa mwisho wa mwezi, na binti wa mapokezi ameandika "19" kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, ameibandika chini ya skrini.