Kamba ya mkonge kwenye nguzo za kichanja: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Kichanja changu cha mkarakara, yaani mmea wa pasheni, kilijengwa kwa nia njema. Nilimwambia fundi wa kuchomelea nataka kitu kitakachobeba mzigo wa mmea bila kuyumba, naye akanisikiliza kupita kiasi. Nguzo nne za bomba la chuma lenye zinki, kipenyo sentimita 5, urefu mita 2.4 kutoka ardhini, na juu yake fremu yenye wavu wa waya. Hakiyumbi, hilo namsifu. Ila ukikitazama kutoka mlangoni unadhani mtu kasahau goli la mpira bustanini, na pale kwenye maungio chuma kimevimba kama goti lenye maji.

Nilijipa moyo kwamba mmea ukikua utaficha kila kitu. Ukakua kweli, ukajaza wavu wote wa juu, lakini miguu ikabaki uchi. Mkarakara haupandi bomba. Unashika kwa vikono, vile vijinyuzi vinavyojisokota kama springi, na vikono vinataka kitu chembamba cha kuzunguka. Bomba nene na laini kwao ni sawa na ukuta. Nilikuwa nimeupandisha kwa uzi hadi juu. Ulipotanda huko, majani ya chini yakakosa mwanga, yakapukutika, nikabaki na shina tupu limeegemea chuma tupu.

Kabla ya kamba nilipoteza hela kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni majani bandia ya plastiki, yale yanayouzwa yamekunjwa kama mkeka. Wiki ya kwanza wageni walidanganyika. Baada ya msimu mmoja wa jua kali yakageuka samawati, kana kwamba njano yote iliyokuwa ndani ya ule ukijani imekimbia, halafu yakaanza kukatika na kumwaga vipande kwenye udongo. Mpaka leo nikipalilia naokota. Sina zaidi ya hapo la kusema kuhusu majani bandia.

Cha pili ni rangi, na hapa kosa lilikuwa langu. Nilichukua rangi nyeupe ya mafuta nikaipaka moja kwa moja juu ya bomba. Ikakaa vizuri miezi michache, kisha ikaanza kubanduka kwa maganda mapana, unashika ncha unavuta kama unamenya kitunguu. Fundi rangi ndiye aliyenieleza: rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki, hayo mafuta humenyuka nayo, na katikati panajitengeneza kitu cha jamii ya sabuni. Rangi haina tena pa kushika. Nikakwangua zote, nikaosha bomba kwa maji ya sabuni, nikapangusa kwa siki, nikasuuza, nikaliacha likauke, nikapiga msasa mwembamba, kisha praima, rangi ya kwanza ya kushikisha, ambayo kwenye kopo imeandikwa ni ya chuma chenye zinki. Juu yake sikurudia nyeupe. Nilipaka kijani cha giza kisichong'aa, karibu na cheusi. Tofauti niliiona jioni ileile. Nyeupe ilikuwa inaita macho, hii ilijificha kwenye kivuli cha majani. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu, anzia hapa, huenda usihitaji hata kuendelea kusoma.

Mimi niliendelea kwa sababu kwa karibu bado lilikuwa bomba. Nikanunua bunda la kamba ya mkonge, unene milimita 8, urefu mita 50, lililoandikwa kwamba linafaa kwa bustani na "haliozi". Nilidhani bunda moja lingetosha nguzo zote nne na chenji ibaki.

Halikumaliza hata nguzo moja. Nilizungusha, nikazungusha, na nilipofika juu kidogo ya mita 2 mkononi nina ncha. Niliketi chini nikapiga hesabu ambayo ningeipiga dukani. Kamba ya milimita 8 ikibanwa vizuri inakula mizunguko 125 kwa kila mita ya nguzo. Mzunguko mmoja kwenye bomba langu ni kama sentimita 18. Yaani mita moja ya nguzo inameza karibu mita 23 za kamba. Nguzo nne za mita 2.4 zingetaka zaidi ya mita 200. Muuzaji hana kosa, ila ile picha ya kwenye lebo, yenye nguzo ndefu imefungwa toka chini hadi juu na bunda moja limesimama pembeni, ilinichokoza roho.

Nikafungua yote nikapanga upya, na mpango wa pili ndio uliozaa matokeo mazuri kuliko ule wa kwanza. Nilibana kamba mzunguko juu ya mzunguko kwa sentimita 90 tu, kimo cha kiuno, maana ndiko jicho linakotua mtu akikaa kwenye benchi. Kuanzia hapo hadi juu niliipandisha kwa kuizungusha kwa nafasi, kila mzunguko na vidole vinne chini yake. Kwa mpango huu mabunda mawili yalitosha nguzo zote. Kilichobaki hakifiki hata kuanikia nguo.

Kuhusu kamba yenyewe. Ukifungua bunda inanuka mafuta, kitu kama mafuta ya taa yaliyochakaa. Nyuzi za mkonge hupitishwa kwenye mafuta zisikatike wakati wa kusokotwa. Harufu iliisha baada ya mvua mbili. Vaa glavu. Sikuvaa siku ya kwanza, na viganja viliwaka usiku kucha kwa vijiuzi ambavyo huvioni ila unavisikia ukishika kikombe. Ubora wa msokoto ni mzuri, unene ni uleule toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu moja ya bunda la pili ilikuwa na kiungo kilichonenepa kama mjusi aliyemeza kitu. Nilikikata.

Ujanja wa kuanza: laza ncha ya kamba wima kwenye bomba, kama urefu wa kiganja, kisha zungusha juu yake ili mizunguko yenyewe iifunge. Hakuna fundo, hakuna gundi. Anza chini upande juu, na kila baada ya mizunguko kumi chukua kipande cha mbao ugonge taratibu kushusha mizunguko ishikamane. Nguzo ya kwanza niliizungusha kutoka juu kushuka, na hiyo ndiyo inayonitia aibu hadi leo. Mkonge ukilowa unavimba na kukaza, jua likirudi unalegea. Kwenye nguzo tatu nilizogongea haikuonekana. Kwenye ile ya kwanza mizunguko imeteleza, na kuna mwanya unaoingia kidole gumba, bomba linachungulia.

Sasa hilo neno "haliozi". Linaoza. Nilianzia kamba kwenye udongo kabisa, ili isionekane bomba. Chini pale panapata maji ya kumwagilia kila siku, na kabla mwaka haujaisha sentimita kumi za mwisho zilikuwa nyeusi na laini kama mkate uliotoswa kwenye chai. Nilipozivuta zilikatika zenyewe. Nilikata sehemu mbovu, nikaacha upana wa kiganja wazi juu ya ardhi, nikazungushia mawe. Kwa rangi ile ya giza, hakuna anayeona kwamba kamba haigusi chini. Sehemu ya juu bado ni ngumu, ila imegeuka kijivu, ile dhahabu ya mwanzo imekwenda. Mimi naipenda hivyo zaidi. Dhahabu ilikuwa kama bado iko dukani. Na usifunge kamba kabla ya kupaka rangi: inatunza unyevu, na pale mchomeleaji alipounguza zinki kutu inakuja mbio.

Jambo ambalo lebo haikulitaja hata kidogo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Nilipanda yasmini kwenye mguu wa kila nguzo. Yasmini haina vikono, shina lenyewe ndilo linalojizungusha, na kabla ya hapo nililijaribu kwenye bomba tupu likawa linapanda siku mbili, linateleza, linajikunja chini kama nyoka aliyechoka. Kwenye kamba halitelezi. Ile mizunguko yenye nafasi limeitumia kama ngazi. Chipukizi inalala juu ya kamba, inapata pa kushikilia, inaendelea. Miezi mitano likawa limefika kwenye wavu, na sikulifunga hata mara moja. Mwenye bogenvilia asitegemee haya, ile itataka kufungwa kwa mkono hata kwenye kamba, yenyewe huegemea tu kwa miiba yake.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano kwa kamba. Moja nimeinyang'anya kwa ajili ya "haliozi" na ile picha. Ningenunua tena, na nitanunua, kwa sababu natarajia sehemu iliyobanwa chini itataka kubadilishwa mapema kuliko ya juu. Nguzo ya kwanza bado ina ule mwanya wake. Yasmini imeanza kuuziba, lakini nikikaa kwenye benchi nauona. Siku nikipata nafasi, na glavu nzuri, nitaifungua niizungushe kuanzia chini.