Goti jipya la mama: nyota 4 kati ya 5

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki ya sita mama alishuka ngazi bila mkongojo. Daktari na mtaalamu wa fiziotherapia, asanteni sana. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya stika. Kiungo bandia huja na stika zenye namba ya toleo (kundi kilimotengenezwa), nami niliziomba mara tatu ndipo muuguzi akanitolea nakala kwenye faili. Sikung'ang'ania bure. Agosti 2010 nyonga bandia za aina ya ASR, za kampuni ya DePuy, ziliondolewa sokoni duniani kote, watu wapatao 93,000 wakiwa wameshawekewa: chuma kilisuguana na chuma, kobalti na kromiamu zikaingia kwenye damu. Bila namba ile, utajuaje kama kiungo cha mzazi wako kimo kati ya vinavyoondolewa? Naomba kila mgonjwa apewe kadi yenye namba hiyo siku ya kuruhusiwa, bila kuomba.