Ludlow au Bury St Edmunds: Mji Upi wa Gulio Utembelewe?
Anayetaka kutoka London kwenda kuuona mji wa gulio wa Kiingereza mara nyingi husita kati ya majina haya mawili. Kwa historia, Ludlow, ulioko Shropshire karibu na mpaka wa Wales, ndio unaonivutia zaidi: ngome yake, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, ingali imesimama juu ya mto Teme, na humo ndimo alimofariki mwanamfalme Arthur mwaka 1502, kifo kilichomfungulia mdogo wake, Henry wa Nane, njia ya kiti cha enzi. Bury St Edmunds, huko Suffolk, ulikuwa na abasia kubwa, yaani makao ya watawa pamoja na kanisa lao, iliyofungwa mwaka 1539. Mawe yake yalichukuliwa kwa ujenzi mwingine, na leo zipo nyumba za watu zilizojengwa ndani ya gofu la ukuta wa mbele wa kanisa lile, madirisha yakichungulia katikati ya mawe.

Kwa gharama, Bury unashinda, kwani bustani ya abasia haina kiingilio, ilhali ngome ya Ludlow hulipiwa. Gulio la Bury ni la Jumatano na Jumamosi tu. La Ludlow, linalopangwa karibu na lango la ngome, huwapo pia Jumatatu na Ijumaa. Miji yote miwili ina stesheni ya treni, ila Bury uko karibu zaidi na London.

Mwenye siku moja na watoto wanaotaka kukimbia bustanini aende Bury. Anayeweza kulala, na anayependa majengo ya mbao zilizochongwa kama lile la hoteli ya zamani ya Feathers la mwaka 1619, Ludlow utamfaa.