Shelaki ya magamba: ipi ununue, na tarehe ambayo muuzaji hakutajii

Lalamiko la shelaki, ile ya kupaka mbao, halibadiliki. Meza imepakwa, siku tatu zimepita, na kiganja kikiwekwa juu bado kinanata. Analaumiwa fundi, au zinalaumiwa mvua. Mara nyingi ubovu ulikuwamo kwenye pakiti kabla haijafunguliwa: magamba, yaani vipande vikavu vya shelaki vinavyoyeyushwa kwa spiriti, yalikuwa ya zamani.

Sitaanza na rangi wala mng'ao. Rangi unaiona mwenyewe dukani, na mng'ao unategemea zaidi mkono wa mpakaji. Umri ndio hauonekani, na ndio unaoharibu kazi.

Shelaki ni utomvu wa mdudu aitwaye Kerria lacca, unaovunwa hasa India na Thailand kwenye matawi ya miti kadhaa, mmojawapo mkunazi, huu huu tunaoujua Pwani. Hata ikiwa kavu ndani ya pakiti, molekuli zake huendelea kuungana zenyewe kwa zenyewe, na joto huharakisha jambo hilo. Zikishaungana vya kutosha, spiriti haiziyeyushi tena. Ukishaichanganya na spiriti hali hubadilika: asidi iliyomo kwenye shelaki huungana polepole na pombe yenyewe, na hapo pia unapata ngozi inayonata isiyokauka. Kwa hiyo magamba yana umri wake na mchanganyiko una wake. Uliouchanganya mwenyewe uumalize ndani ya miezi sita. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, mapema zaidi.

Stoo ya bati ni adui mkubwa. Magamba yaliyolala humo hugandana yakawa bonge moja. Bonge peke yake si ushahidi kwamba mali imekufa, maana magamba mazuri pia hugandana kwa joto, lakini ni sababu tosha ya kuyapima kabla ya kulipia kilo nzima.

Kupima ni rahisi. Nunua gramu 100 kwanza. Saga gramu 10, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha plastiki (chuma huitia shelaki weusi), mimina mililita 80 za spiriti, na utikise kila unapopita. Baada ya saa 24 tazama chini. Wingu jeupe linalotawanyika ukitikisa ni nta, halina shida. Ukikuta ute uliovimba, unaong'ang'ania kijiti na haupungui hata siku ya pili, hayo magamba yamezeeka, na kuchuja hakutayafanya mapya. Yakiyeyuka yote, dondosha tone kwenye kipande cha kioo uache mpaka kesho yake. Likwaruze kwa ukucha: shelaki nzima huvunjika vipande vikavu, iliyochoka hubonyea na kuacha alama ya ukucha.

Spiriti nayo iwe safi, asilimia 95 kwenda juu. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina maji mengi, na maji ndiyo yanayoacha ukungu mweupe juu ya mbao. Ile ya zambarau ina rangi inayoweza kubaki kwenye mbao nyeupe.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni magamba ya chungwa au ya hudhurungi nyekundu, yaliyotolewa nta. Hayakupaushwa, kwa hiyo hayachoki upesi, na kwenye mninga au mkongo rangi yake inapendeza kuliko chochote cha kopo. Kukosa nta ni muhimu kwa sababu juu yake unaweza kupaka vanishi ya polyurethane ikashika. Kwenye shelaki yenye nta huweza kubanduka. Kwa mbao zenye mafuta kama mtiki na mpingo, mkono (tabaka) mmoja mwembamba wa hii chini ya vanishi huyazuia mafuta yasicheleweshe kukauka.

Ya pili ni kopo, na hapa naegemea upande waziwazi: Zinsser SealCoat. Haina nta, imekwisha kuchanganywa, na kopo lina namba ya toleo ya kiwandani unayoweza kuiulizia tarehe. Nasisitiza: iulizie tarehe. Usiichanganye na shelaki ya kawaida ya Bulls Eye ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ina nta. Hiyo iwe mkono wa mwisho, isiwe wa chini ya polyurethane.

Ya tatu ni shelaki ya vidonge bapa na ile ya mbegu, yenye umbo la chembe. Zina nta na za mbegu zina takataka za kuchuja kwa kitambaa, lakini hukaa muda mrefu kuliko zote. Kwa atakayezipaka bila vanishi juu, ni nzuri.

Ya mwisho, na wengi wataudhika, ni ile nyeupe kabisa iliyopaushwa kwa klorini. Inapendeza kwenye picha, lakini ndiyo inayozeeka upesi kuliko zote. Inunue tu ukijua ilitengenezwa lini, na uiweke kwenye friji ikiwa imefungwa isipate unyevu.

Vifuko vya bei poa visivyo na maandishi: pita.

Kipimo cha kupaka ni gramu 120 kwa lita kwa mkono wa kwanza, na gramu 180 hadi 240 kwa inayofuata. Mikono myembamba mitatu inashinda mmoja mzito, msasa namba 320 katikati. Usirudie brashi palipoanza kukauka, utaacha mabaka. Na meza ya kuwekea vikombe vya chai ya moto au pombe si mahali pa shelaki.

Kinachokera ni wauzaji. Wananunua gunia, wanalifungua, wanafungasha upya kwenye vifuko vya gramu 50 kwa bei ambayo kwa kilo inazidi ya kopo la ng'ambo lililolipiwa ushuru, na katika kufungasha wanaitupa karatasi pekee iliyokuwa na tarehe. Ukiuliza unaambiwa "mzigo mpya", maana yake umefika dukani majuzi. Ulikaa wapi kabla ya hapo hawasemi. Wengine wanakupa sendasila (kizibio cha mbao) ya kuchanganywa na thina na kuiita shelaki. Inuse: shelaki huyeyushwa kwa spiriti, ikinuka thina si yenyewe. Dai tarehe iandikwe kwenye risiti, na jaribio la gramu 10 likitoa ute, rudisha na hiyo chupa ukamwonyeshe.