Mtoto na safari ya Pemba: sanduku la magurudumu au begi la mgongoni?

Madukani Darajani vyote viwili vipo, na mtoto ukimwachia achague, atakimbilia sanduku lenye katuni. Kwenye sakafu ya kiwanja cha ndege linateleza vizuri sana. Lakini safari zetu nyingi za Idi ni za boti. Bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, kuna ngazi, msukumano na wachukuzi wenye haraka. Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo havina simile na vigurudumu vidogo. Bahari ikichafuka, sanduku la magurudumu manne hutembea lenyewe. La mawili hutulia likisimamishwa. Ukilazimika kununua, tafuta la plastiki ya polikaboneti: hubonyea likarudi, wakati la plastiki ya ABS hupasuka kwa urahisi zaidi.

Mimi nachagua begi. Mkono mmoja ashike ngazi, mwengine amshike mamake. Vuta mikanda kwa nguvu palepale dukani uone mshono. Uzito usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Wa kilo 20 mwisho wake kilo 3. Kanzu itakunjika, kweli, lakini pasi Pemba zipo.

Wa chini ya miaka mitano? Utalibeba wewe, lolote utakalonunua.