Miezi mitatu ya mazoezi tiba ya goti: niliyoyaona

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, mwaka wa 26 huu nakanyaga cherehani. Goti la kulia lilianza kwa kukakamaa asubuhi, dakika kumi hivi, likipata joto linaachia. Nikapuuza. Baadaye kushuka ngazi kukawa kazi, na Ramadhani iliyopita nikashindwa kusujudu. Tarawehe nzima niliswali kwenye kiti.

Kila aliyeniona alikuwa na dawa yake. Shoga yangu alisema ute umekauka, nile bamia. Ndani ya basi la Korogwe nikanunua mafuta ya kuchua. Yanachoma vizuri, ila maumivu yanarudi kabla harufu haijaisha. Kosa hasa ni vidonge nilivyouziwa duka la mtaani, vimefungwa kwenye karatasi bila jina. Siku ile ile nikapata nafuu! Wiki ya tatu tumbo linawaka moto. Daktari akaniuliza nakunywa nini, sina jibu. Akasema dalili zinafanana na za dawa za maumivu za kundi la diklofenaki: zikinywewa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na mimi nina presha.

Picha ilionyesha goti limeanza kusagika. Nikaandikiwa jeli ya diklofenaki ya kupaka, maana inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge, pamoja na mazoezi tiba mara moja kwa wiki, sh. 15,000 kila nikienda. Moyoni nikasema, nilipe nifundishwe kunyoosha mguu?

Basi ndiyo hivyo hivyo. Unakaa kitini, unanyoosha mguu, unakaza paja, unahesabu mpaka tano, unashusha. Mara kumi. Halafu unasimama na kukaa bila kushika kitu. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Binti anayetufanyisha mazoezi alinieleza kwamba gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina mishipa ya damu, chakula chake linakipata kwenye ule ute goti likikunjwa na kukunjuliwa. Kumbe nilivyokuwa nalipumzisha kutwa nzima nalinyima riziki! Na paja likiwa na nguvu linalipunguzia goti mzigo. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi aliniruhusu, mradi kesho yake yawe yametulia. Yakizidi, nipunguze idadi, nisiache.

Wiki nne za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuacha. Wiki ya sita nilishuka ngazi za nyumbani na ndoo mkononi, nikakumbuka goti nilipofika chini. Jeli sasa napaka siku za kazi nyingi tu, kama wiki ya harusi. Kilo nne zimepungua pia, na yule binti aliniambia kila kilo moja inaliondolea goti kama kilo nne kwa kila hatua.

Lawama yangu ni foleni. Unaambiwa saa tatu, unaingia saa tano, na benchi la kusubiria liko chini mno. Wagonjwa wa magoti tunainuliwa na wapita njia. Wangeanza kwa kubadilisha benchi.

Na wewe goti likiwa jekundu, la moto, limevimba ghafla na una homa, usianze mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kusujudu nimerudia. Tahiyatu bado nakaa kwenye kiti.