Nilitaka kamera mpya, nikaishia kununua lenzi: miaka 2 na Canon EF 50mm f/1.8 STM

"Mwanangu, mbona hina yake kama imemwagiwa mchanga?" Mama wa bi harusi aliniuliza hivyo huku ameikuza picha kwa vidole viwili kwenye simu. Hakukosea. Viganja vya binti yake vilichorwa kwa saa nyingi, maua ya hina yakazungushiwa piko jeusi, nami nikampelekea picha za chenga tupu. Usiku ule nilirudi nyumbani Majengo, hapa Mombasa, nimeshakata shauri: kamera hii nauza, nanunua bodi kubwa, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Yenyewe ni Canon 700D, ya mwaka 2013, na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm. Mchana, nje ya Fort Jesus au kule Mama Ngina, haijawahi kuniangusha. Lakini riziki yangu iko kwa kina mama: usiku wa hina na kupamba, ndani ya nyumba za Mji wa Kale au kumbi za taa za rangi. Flashi hainifai sana huko. Dari za boriti ziko juu na zimeshaiva weusi, ukirusha mwanga haurudi. Ukimpiga bi harusi moja kwa moja, dhahabu inawaka na hina inafifia.

Bodi niliyoitamani ni 6D Mark II, yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa kuliko yangu. Muuzaji wa duka moja mjini alikuwa tayari kunipigia hesabu ya kubadilishana. Asichoniambia ni kwamba ile 18-55 yangu ni ya aina ya EF-S, ya kamera zenye sensa ndogo, na lenzi za EF-S haziingii kwenye bodi ile; inataka za EF. Ningetoa akiba yangu yote nibaki na kamera isiyo na jicho. Aliyenistua ni shoga yangu tunayefanya naye kazi hii. Akanivulia lenzi yake, hii 50mm, akaniambia, "Enda nayo kupamba kwa wiki moja, kisha ndio uongee habari ya bodi."

Tofauti niliiona kwenye hesabu kabla sijaiona kwenye picha. Lenzi yangu ya zamani ukiivuta hadi 55mm, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii nikiifungua f/2 inaingiza mwanga mara 8 ya ule. Pale nilipolazimika kupandisha ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga unaoleta chenga ukizidi, hadi 6400, sasa natosheka na 800, kwa kasi ileile ya shata. Na 700D kwenye ISO 800 ni kamera nzuri sana! Usiku wa kwanza nilipiga mkono wa bi harusi juu ya mto wa hariri, kuna kikuba cha asmini kando yake. Nilipoikuza picha nikaona ncha ya piko inavyoingia katikati ya vidole, na umande kwenye asmini.

Nilinunua yangu wiki iliyofuata, na bei haikufika hata robo ya ile bodi. Ni nyepesi, gramu 160 hivi.

Ina mitihani yake. Kwenye 700D inabana, inaona kama 80mm, kwa hiyo chumba kikiwa kidogo nakuwa nimegandana na ukuta na bado shangazi wa pembeni hatoshei. Haisogelei kitu chini ya sentimita 35. Na f/1.8 ni ngumu, inakamata kipande chembamba tu: kope ziko wazi, kipini cha pua kiko wazi, sikio limeshapotea. Picha ya watu wengi nafunga hadi f/4 au zaidi, la sivyo mstari wa nyuma utakuja kulalamika, na watakuwa na haki.

Sisemi bodi haina maana. Anayepiga mpira au ndege anahitaji kamera inayokamata shabaha haraka, na hilo lenzi peke yake haitampa. Mimi shida yangu ilikuwa giza.

Neno kwa wenzangu wa Pwani: unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukikomaa unakula kioo. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, na vifuko vya silika ndani. Nikitoka kwenye ukumbi wa AC naiacha ndani ya begi mpaka ipate joto, maana ukiitoa papo hapo inalowa jasho.

Bado nina 700D ileile. Pesa ninazoweka sasa ni za 35mm f/2, inayoona upana zaidi, kwa ajili ya vile vyumba vya Kibokoni ambavyo havinipi nafasi ya kurudi nyuma. Ni ya EF nayo, kwa hiyo siku nikiichukua 6D, zote mbili zitaingia.